Kidude Nilichokishona Kwenye Kanga ya Mama

Alhamisi, asubuhi. Mawingu yamefunga tangu alfajiri na mvua haitaki kunyesha. Joto la Mapinga la namna hii humfanya mtu awachukie watu bila sababu, na mimi leo sababu ninazo.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Sishoni kitu. Sare za shule za watu zimelala hapa zikiwa zimekatwa tu, na wenyewe watakuja kuzidai. Mama yuko chumba cha mbele, ameketi kwenye mkeka, amejifunga ushungi, anaomboleza. Nitaeleza anamwomboleza nani, lakini nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho kalamu itanishinda.

Mama yangu ana maradhi ya kusahau. Yalianza jikoni, akawa anatia chumvi mara mbili, tukacheka. Kisha yakaondoka majina ya majirani, kisha njia ya sokoni. Kisha akaanza kuniuliza kama Baba amesharudi kutoka msikitini, na Baba tulimzika zamani. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli, naye analia upya kama ndiyo kwanza anapewa habari. Nikaacha. Siku hizi nasema bado hajarudi.

Jina moja tu halikuwa limemtoka. Kila asubuhi ananiita kutoka kitandani, "Zaina, umeamka?" Hilo ndilo nililokuwa nimelishikilia. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ipo siku atanitazama asinijue, nami nikamjibu kwa adabu zote kwamba nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilitoka pale nikijiambia kwamba wengine huwa hawafiki huko, na kwamba Mama yangu ni mmoja wao.

Tunaishi wawili. Mimi nashona hapa nyumbani, yeye anakaa uani, anachambua mchele ambao nimeshauchambua. Tatizo ni miguu yake. Akili inachoka lakini miguu haichoki. Ukigeuka kuchukua mkasi, keshavuka njia. Mara nyingine aliletwa na waendesha bodaboda kutoka Kerege, ameketi nyuma ameshika ushungi wake vizuri, anawashukuru kwa heshima na kuwauliza wao ni watoto wa nani.

Ndugu yangu Hamadi, mdogo wangu, yuko Maskati. Yeye ni mtu wa vyombo. Ukimwambia una shida, anakutafutia chombo. Akanitumia simu aliyokuwa akiitumia yeye, na kidude kidogo cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti. Kidude unakiweka kwenye kitu usichotaka kipotee, kisha simu inakuonyesha kilipo. Watu wa huko, anasema, wanakiweka kwenye funguo na mabegi ya safari.

Ndani yake mna redio ya aina yake, yeye anaiita UWB, na ukimpa nafasi atakueleza mpaka chai ipoe. Nilivyoelewa mimi ni kwamba kidude na simu vinarushiana mawimbi mafupi mno. Simu inapima muda yanaotumia kwenda na kurudi, kisha inajua kitu kiko umbali gani na upande gani. Kioo kinakuonyesha mshale na mita. Unaufuata mshale, mita zinapungua, mpaka unaweka mkono juu ya kitu chenyewe.

Kuna jambo moja ambalo Hamadi alilisema haraka haraka. Mshale hufanya kazi ukiwa karibu tu. Ukiwa mbali, unategemea simu za watu wengine wanaopita karibu na kidude, tena ziwe simu za aina hiyo hiyo. Zenyewe hupeleka habari kimya kimya na wewe unaona alama kwenye ramani. Maskati simu hizo kila mtu anazo. Hapa wanazo wale walionunua viwanja na kujenga maghorofa yao, wanaokwenda kazini Dar asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo ramani yangu huwa hai magari yao yanapopita, na mchana kutwa inalala.

Nilipomvisha Mama kidude shingoni kwa kamba, alinitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mdogo. Akaniuliza hirizi ile nimeitoa kwa mganga gani, na nani kaniambia yeye ana pepo. Nikakivua. Nikakiweka kwenye pochi, akaigawa pochi. Ndipo ufundi wangu ukanidanganya. Mwanamke wa pwani wa umri wa mama yangu anaweza kutoka bila viatu, lakini bila kanga hatoki. Nikachukua kanga yake anayoipenda, nyekundu yenye korosho nyeusi, nikafumua pindo kidogo, nikakitia kidude, nikashona kwa mkono ili asikihisi. Nikamwachia hiyo na pacha yake ya kiunoni, zile nyingine nikazifungia kabatini.

Nilijiona nina akili sana.

Na niseme ukweli mwingine hapa, kwa kuwa hapa ndipo ninaposema. Tangu nikishone kidude kile nilipumzika. Nilikuwa naitazama simu badala ya kumtazama yeye. Nikiona alama iko palepale nyumbani, naendelea na kazi, hata kama amekaa peke yake uani tangu asubuhi hajasemeshwa na mtu. Nilikuwa nimechoka. Bado nimechoka.

Jana, Jumatano, baada ya chai, nilikuwa naunga mikono ya mashati. Nilipoinua kichwa ua ulikuwa mtupu. Simu ilionyesha alama nyumbani, kumbe ni habari ya zamani, haikuwa imepita simu yoyote ya kumwona. Nilizunguka kwa majirani. Jirani yangu Mama Shufaa akasema amewaona wanawake wengi wa kanga wakipita kuelekea Kiharaka, huenda Mama alikuwa nyuma yao, yeye hakutazama vizuri. Ramani ikaja kushtuka wakati wa adhuhuri. Alama ilikuwa pembeni ya barabara kuu, upande huo huo wa Kiharaka. Nikapanda bodaboda bila hata kufunga mlango.

Tulipoacha lami nikamwambia kijana aniteremshe. Niliingia njia ya mchanga kati ya mikorosho, simu mbele yangu, natembea na kusimama kama Hamadi alivyonifundisha. Mwanzo simu iliandika tu kwamba kipo karibu. Nikasogea. Mshale ukatokea.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilimwombea Hamadi dua pale pale njiani. Mshale ulielekea mbele, kwenye kona, na mita zilikuwa zinapungua hata nikisimama. Nikajua Mama anakuja upande wangu. Nilianza hata kupanga nitakavyomgombeza.

Kwenye kona likatokea jeneza.

Wanaume walikuwa wengi, wanaleta tahalili kwa sauti ya chini, wanapokezana mabega. Nilisogea pembeni kama inavyopasa. Simu ilikuwa bado mkononi. Mshale ulilielekea jeneza. Nikainua macho, nikaona limefunikwa kanga, maana maiti wa kike hufunikwa kanga, na ya juu kabisa ilikuwa nyekundu yenye korosho nyeusi. Mita zilishuka mpaka zikabaki mbili. Jeneza lilipita mbele ya uso wangu na mshale ukageuka nalo, polepole, ukilifuata.

Wanawake wa kwetu hawafuati jeneza makaburini. Mimi nililifuata. Sijui nilitembea kiasi gani. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya wenzake alinisikia nalia akageuka, akaniambia nirudi nyumbani, mwanamke hafiki huko. Nikamwuliza aliyemo ni nani. Akasema ni binti wa Bi Saada, wa nyumba ya bati jekundu kule nyuma ya kona, amefariki kwa uzazi.

Nikasema alhamdulillahi.

Nilisema kwa sauti, mbele ya jeneza la mtoto wa mtu. Yule mzee alinitazama, akaharakisha kuwafikia wenzake. Sitasahau alivyonitazama.

Nilirudi mpaka nyumba ya bati jekundu nikiwa nimeitia simu kifuani. Nilipokuwa navua viatu mlangoni ndipo nilipouona ujinga wangu wote. Mimi ni fundi, nimekulia ndani ya kanga, nikasahau kanga ni kitu gani. Kanga haikai na mwenyewe. Unamgawia shoga yako kipande kimoja cha doti, unambebea mtoto wa jirani, unamtandikia mgeni, na msibani ikitakiwa ya kumfunikia marehemu unaivua yako begani bila kuambiwa. Nilikuwa nimeweka kidude cha kumlinda Mama kwenye kitu cha kwanza ambacho angempa mtu. Na Mama, katika yote aliyosahau, hilo hakulisahau.

Ndani wanawake walikuwa wamejaa mikekani, ubani unafuka. Kwetu msibani hakuna anayemwuliza mtu wewe ni nani. Unaingia, unalia, unasogezewa nafasi. Baadaye nilielezwa kwamba watu wa upande wa mama wa marehemu walidhani yule bibi ametoka ukweni, na wa ukweni walidhani ni wa upande wa mama. Tena walifurahi kumpata, kwa sababu alijua kila kitu. Alikaa na waosha maiti, akamimina maji, akashika kanga za kusitiri, akawakumbusha dua walizokuwa wanazichanganya. Kwa asubuhi nzima hakuna aliyeona kwamba ana kasoro yoyote.

Nilimwona kwenye pembe, ameketi na mfiwa mwenyewe, Bi Saada. Walikuwa wameshikana mikono. Mama alikuwa amebaki na kanga moja ya kiunoni na macho yake yamevimba. Nilimpigia magoti nikamshika bega. Aligeuka, akanitazama usoni kwa utulivu kabisa, kisha akaichukua mikono yangu yote miwili.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Na wewe ulikuwa unamjua Zaina wangu?"

Mwanamke aliyekaa karibu akaninong'oneza kwamba bibi amekuwa akimwita marehemu Zaina tangu asubuhi, nao walidhani ni jina lake la nyumbani. Niliusogeza uso wangu karibu na wa Mama, nikamwambia, "Mama, mimi ndiye Zaina."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinipangusa shavu kwa kiganja.

"Usiseme hivyo," akasema. "Nimemmiminia maji kwa mikono yangu."

Nikakaa chini. Sikuwa na la kufanya zaidi. Nilikaa kati ya wanawake nisiowajua nikalia pamoja nao, na kila mmoja alidhani namlilia binti wa Bi Saada. Mama alikuwa amenishika mkono mmoja na Bi Saada mkono mwingine, akitubembeleza sote wawili. Alikuwa akisema jinsi Zaina alivyokuwa mtoto wa kusaidia, jinsi alivyojifunza kushona kwa kumwibia shangazi yake sindano, jinsi alivyomtunza mama yake bila kulalamika. Hilo la mwisho si kweli. Nimelalamika sana.

Kabla ya kuondoka nilimvuta Bi Saada kando nikamweleza, nikamwomba radhi. Nilitegemea atajisikia vibaya kwamba mgeni mwenye maradhi ya kusahau alikuwa amemgusa mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisimharakishe bibi, nimwache amalize kilio chake, kwa sababu tangu alfajiri watu wote wanamwambia yeye Bi Saada asilie, na mama yangu peke yake ndiye aliyelia naye. Tukakaa mpaka wanaume waliporudi na kanga. Ya Mama ilikunjwa ikarudishwa mkononi kwangu, ina mchanga kidogo kwenye pindo. Kidude kilikuwemo.

Kumtoa pale ilikuwa kazi. Alikubali kupanda bajaji nilipomwambia kwamba matanga ya Zaina yanawekwa Mapinga, na watu wanamsubiri.

Hamadi alipiga simu jioni. Nilimsimulia yote, na nilimsikia kabisa akishusha pumzi ya raha. "Si umempata?" akaniambia. Akasema kwamba kweli chombo kimefanya kazi, kimenifikisha mpaka kwenye kanga yenyewe, bila hicho ningeanzia wapi. Hakusema uongo. Alisema atatuma vingine, nivishone kwenye kila nguo, hata kiatu. Nikamwuliza kama amesikia nilichomwambia kuhusu jina. Akasema mtandao unakatika.

Simlaumu. Yuko mbali, na huko aliko hiki ndicho alichonacho cha kutuma.

Leo asubuhi nililala macho wazi nikisubiri kuitwa. Nilisikia Mama ameamka, ametawadha, ameswali. Hakuita mtu. Nilipotoka nilimkuta ameshautandika mkeka mwenyewe na kukaa, leo ni siku ya pili ya matanga. Nilikwenda kusimama mbele yake, nikamwamkia shikamoo kama kila siku. Akaitika marahaba vizuri, akanikaribisha nikae na wenzangu. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani.

Mama Shufaa alikuja na chupa ya chai. Nilimweleza mlangoni kwa sauti ndogo. Yeye akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani, akamwambia Mama pole dada, Mungu amrehemu, na sisi sote njia yetu ni hiyo. Nilimkasirikia sana. Niliona ananizika ndani ya nyumba yangu na mimi nimesimama. Lakini Mama aliegemea bega lake, akapumua, akanywa chai yote. Tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni. Mama Shufaa aliponiaga hakunitazama machoni, akaniambia tu kwamba kesho atakuja na wengine wawili, na kwamba nisiache kupika.

Kwa hiyo sijui. Nikimwambia kila asubuhi kwamba mimi ni Zaina, nitakuwa namfanyia mzaha na maiti ya mwanawe. Nikikaa mkekani nikampa pole, nitakuwa nimekubali. Labda kesho atasahau kwamba nimekufa. Anasahau kila kitu, kwa nini hili alikumbuke? Tangu jana mpaka leo nimekuwa nikiomba Mungu azidishe maradhi ya mama yangu, kidogo tu, ya kutosha kumfuta huyo marehemu. Sikujua kwamba ipo siku ningeomba hivyo.

Sasa hivi nimetoka kumpelekea uji. Aliupokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniambia mimi ni binti mwema na amekuwa akiniona nikihangaika peke yangu jikoni. Akanitazama kwa muda. Nilidhani kumbukumbu imekuja. Wallahi nilidhani imekuja.

"Una mama wewe?" akaniuliza.

Nikamwambia ninaye.

"Basi nenda kwake, mwanangu. Usikae hapa kutwa na mimi. Atakuwa anakuulizia."

Nikachukua bakuli, nikatoka. Nyumba yetu ina vyumba viwili na ua.

Niende wapi?